Shemegi na Madaraja ya Mji Mkongwe

Shemegi yangu, mume wa dada, kwao Mwanza. Tangu lifunguliwe lile daraja la Kigongo–Busisi mwaka 2025, kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria, hakuna mazungumzo yasiyoishia huko. Ukimwekea bakuli la urojo, kabla hajatia kijiko ameshakueleza habari za nguzo. Juzi kashuka botini hapa Unguja, katazama kulia, katazama kushoto, akaniuliza mbele ya mahamali: "Shemeji, kwani nyie huku hamna hata daraja moja?"

Mtu kazaliwa Malindi, unamuuliza suala hilo hapo hapo bandarini! Nikamwambia tukaweke begi, tule, kisha nimtembeze madaraja mpaka aombe maji.

Nikaanzia Darajani. Tumesimama baina ya daladala na wauza ndizi, soko la 1904 lile pale, shemegi anazungusha macho.

"Liko wapi?"

"Umesimama pake."

Akainua mguu akatazama soli ya kiatu. Nikamfahamisha kwamba hapa palipita mkono wa bahari, huku Mji Mkongwe, kule Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja. Baadaye maji yakafukiwa, ikapita barabara.

"Kwa hiyo hakuna daraja."

"Lilimaliza kazi yake, likapumzika."

Muuza tungule aliyekuwa akitusikiliza akadakia: "Mgeni, wewe chukua fungu, daraja nitakutilia kwenye mfuko." Shemegi hakucheka. Watu wa madaraja makubwa hawana mzaha.

Nikampeleka Forodhani. Nikamwonesha Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, nikamwambia lilikuwa limeungwa na majumba jirani, Beit al-Hukm na Beit al-Sahil, kwa madaraja ya juu kwa juu, wanawake wa kasri wakipita bila ya kuonwa na mtu wa njiani. Hapo akachangamka, akatoa simu apige picha.

"Yako upande gani?"

"Waingereza walipiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Vita vyenyewe havikufika dakika 45, lakini Beit al-Hukm likawa kifusi, na daraja lake nalo."

"Na hili jumba mbona limezungushwa mabati?"

Ikabidi nimwambie na hilo, kwamba Desemba 2020 upande mmoja uliporomoka. Akarudisha simu mfukoni taratibu sana. "Moja mmelifukia, jingine limepigwa mizinga. Kule Busisi..."

"Shemegi, usinitajie Busisi. Twende."

Likabaki wikio. Asiyejua, wikio ni kile chumba kinachopita juu ya kichochoro, kikaunga nyumba na nyumba, ili mama atoke kwake aende kwa dada yake bila kutia mguu njiani. Liko moja ninalolijua huko ndani. Upande mmoja wa nyumba siku hizi ni nyumba ya wageni, upande wa pili wanakaa warithi. Tukasimama chini, nikamwonesha boriti za mikoko, hata msumari hazina. Shemegi akakunja uso: "Daraja halitazamwi, shemeji, daraja hupitwa."

Mhudumu wa nyumba ya wageni akatupandisha ghorofani, akatufungulia kimlango. "Piteni tu," anasema, "huko hapana mtu." Tukaingia. Mbao zinalia, vumbi, ubavuni kidirisha cha matundu. Shemegi akaanza kupima kwa hatua, moja, mbili, na hatua ya tano ikamfikisha kwenye mlango wa upande wa pili. Akausukuma.

Kulikuwa na singo: bibi harusi anasuguliwa manukato, wanawake watupu.

Sitaeleza zaidi, sababu sikuona zaidi. Niliona kanga, nikasikia harufu ya liwa na asumini, halafu vigelegele vikakatika kikaja kilio. Upawa ukapita juu ya kichwa cha shemegi. Tukarudi kinyumenyume, mlango ukapigwa komeo usoni mwetu. Tunakimbilia ule tulioingilia, nao umefungwa! Mhudumu kaufunga, kashuka zake kupokea wageni.

Basi tukawa tunaning'inia juu ya kichochoro, mimi na mtaalamu wa Busisi. Chini akatokea papasi na kundi la watalii, anawapa maelezo kwa Kiingereza kwamba humu wanawake wa zamani walipita wakifichwa macho ya wanaume. Watalii wakainua vichwa. Kidirishani wakaona masharubu ya shemegi. Wakapiga picha wote.

Sauti ya bibi ikatoka nyuma ya mlango: "Nyie wana wa nani?"

Nikataja jina la mama. Kimya kidogo. "Wewe ndiye ulokuwa ukiniibia mapera?" Miaka yote hiyo! Nikaitikia shikamoo tu. Mara wenzake wakaanza kucheka, na wanawake wakishacheka kwenye harusi, bei hupanda. Bwana harusi mwenyewe hutoa fedha ndipo afunguliwe mlango, sembuse sisi wavamizi. Walitaka elfu hamsini. Shemegi akabisha kwamba hata Daraja la Kigamboni, na ushuru wake wote, hawatozi hivyo mtu wa miguu. Bibi akamjibu: "Basi ngoja, mwanangu, Kigamboni waje wakufungulie." Tukashuka mpaka elfu ishirini, zikapita chini ya mlango. Komeo likafunguka kidogo, ukatoka mkono wenye hina na sahani ya pilau. Komeo likarudi. Mlango wenyewe, wakasema, mpaka bibi harusi aondolewe ukumbini.

Tukala tumechutama. Shemegi alikwangua sahani, kisha akagonga mbao za sakafu kwa kifundo cha kidole. "Ila jengo imara," akasema.

Tumefika nyumbani, habari imetangulia. Mke wangu hakuuliza tumefikaje kwenye singo ya watu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, anataka kujua pilau ilikuwa ya kuku au ya ng'ombe, na kwa nini mwaliko haukumfikia yeye.