Namba 4,294,967,297 inastahili kuandikwa ubaoni

Kwa maoni yangu, mada ya namba tasa, yaani zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu, hufundishwa kwa haraka mno katika shule zetu za huku Mbeya: mwanafunzi huorodhesha namba tasa zilizo chini ya 100, hupata alama zake, kisha huondoka akiamini kwamba mada imekwisha. Ningependa walimu waongeze namba moja tu, nayo ni 4,294,967,297.

Namba hiyo ni 2³² + 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, aliona kwamba ukichukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ukaongeza 1, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa. Akaamini kwamba kila namba itakayofuata katika mtiririko huo itakuwa tasa, ingawa uthibitisho hakuwa nao. Alifanya kama mnunuzi wa soko la Mwanjelwa anayekagua viazi vitano vya juu kisha akalipia lumbesa nzima. Inayofuata ndiyo hii yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba ni zao la 641 na 6,700,417.

Kosa la Fermat halinishangazi. Kinachonivutia ni jinsi kazi ya kutafuta kigawo inavyoweza kupunguzwa. Kanuni ambayo Euler alikuja kuithibitisha inasema kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo badala ya kujaribu namba tasa zaidi ya mia moja, tunaanza na 193, 257, 449 na 577, ambazo zinaacha baki ya 109, 2, 325 na 288, kisha tunafika 641, ambayo haibakizi kitu. Hiyo ni kazi ya chaki na kipindi kimoja. Kikokotoo cha kawaida cha dukani, chenye nafasi ya tarakimu nane, hakiwezi hata kuionyesha namba yenyewe, na mimi naona ni heri.

Darasa lililochangamka laweza kuepuka hata kugawanya. Tazama kwamba 641 ni 5⁴ + 2⁴, na pia ni 5 × 2⁷ + 1. Kutokana na umbo la kwanza, ukilizidisha kwa 2²⁸, 641 inagawa 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Kutokana na la pili, inagawa 5⁴ × 2²⁸ − 1, kwa kuwa hiyo ni (5 × 2⁷)⁴ − 1, na x⁴ − 1 hugawanyika daima kwa x + 1. Toa la pili katika la kwanza, nawe unabaki na 2³² + 1, ambayo nayo lazima igawanyike kwa 641.

Najua nitaambiwa kwamba muhtasari umejaa na mtihani hauulizi haya. Ni kweli, lakini mwanafunzi aliyezoea kukubali kanuni baada ya mifano mitatu ya kitabuni hajapata bado mahali pa kuona mifano mitano ikimdanganya. Baada ya 65,537 hakuna namba tasa nyingine ya aina hiyo iliyopatikana hadi leo, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.