Deni lisilokopwa: uchambuzi wa shahada ya pamoja ya biashara na sheria

Benki inaikopesha kampuni yenye maduka mengi, na ndani ya mkataba wa mkopo kuna kifungu kimoja kifupi: deni lote la kampuni lisizidi mara tatu ya mapato yake ya mwaka kabla ya riba, kodi na uchakavu. Likizidi, benki inaweza kudai mkopo wote papo hapo. Mwanasheria wa kampuni anakisoma, anaona kimeandikwa vizuri, anafungua ukurasa unaofuata. Mhasibu anapiga hesabu, anapata mara mbili na nusu, anatulia. Kisha inafika Januari 1, 2019, siku kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 16 kilipoanza kutumika, na karibu kila mkataba wa kupanga jengo kwa zaidi ya mwaka mmoja unatakiwa uingie kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, kama deni. Kampuni ya maduka huishi kwa kupanga majengo. Haijakopa hata senti moja mpya, lakini mizania yake imevimba. Mapato nayo yanapanda kiasi, kwa kuwa pango halihesabiwi tena kama gharama ya kawaida, ila mikataba ikiwa ya miaka mingi deni hupanda zaidi. Uwiano unavuka tatu. Kampuni imevunja mkataba bila mtu yeyote kufanya lolote.

Mstari mmoja ungeiokoa: uwiano huu utakokotolewa kwa kanuni za uhasibu zilizokuwa zikitumika siku ya kutia saini. Mikataba iliyokuwa na mstari huo haikutikisika. Lakini ili uandikwe, anahitajika mtu anayejua kwamba neno "deni" linaweza kubadilishwa maana na bodi ya uhasibu isiyohusika kabisa na mkataba, na ambaye pia anajua kulifunga neno hilo kwa lugha itakayosimama mahakamani. Nikiulizwa kwa nini mtu asome usimamizi wa biashara na sheria katika shahada moja, naanzia hapa. Ndiyo hoja nzito kuliko zote, na sijui kwa nini vyuo vinavyoitangaza shahada hii huipita na kukimbilia hoja nyepesi ya kuokoa mwaka mmoja.

Hoja ya mwaka ina ukweli wake. India, ambako shahada hii hujulikana kwa jina la BBA LLB, anayesoma kwanza biashara kwa miaka mitatu kisha sheria kwa mitatu mingine anatumia miaka sita. Shahada ya pamoja huchukua mitano, yaani mihula kumi. Mfumo wa kumchukua kijana moja kwa moja kutoka sekondari na kumfundisha sheria kwa miaka mitano ulipata sura yake ya leo katika National Law School of India University ya Bangalore, chini ya mkurugenzi mwanzilishi N. R. Madhava Menon, na kundi la kwanza lilianza masomo mwaka 1988. Pale sheria iliambatanishwa na sanaa na sayansi za jamii. Vyuo vingine vikaja baadaye na biashara. Mwaka 2024 lilipelekwa Mahakama ya Juu ya India ombi la kutaka sheria isomwe miaka mitatu tu baada ya sekondari. Halikupata sikio, likaondolewa. Kwa hiyo miaka mitano ipo na itaendelea kuwapo, na kwa mzazi anayelipa ada na makazi, mwaka mmoja pungufu ni ahueni ya kweli.

Ila ahueni hiyo ina bei, na bei yenyewe haisemwi kwa sauti. Kanuni za elimu ya sheria zilizotolewa na Baraza la Mawakili la India mwaka 2008 zinakataza mwanafunzi wa shahada ya pamoja kutoka katikati na kupewa nusu ya shahada. Zinakataza pia mtu kuingia katikati kwa hoja kwamba tayari ana shahada nyingine. Fikiria msichana aliyeanza akiwa na miaka kumi na minane. Mwaka wa tatu anagundua kwamba moyo wake uko kwenye fedha, na kila akiingia darasa la mwenendo wa mashauri ya madai anahesabu dakika. Amefaulu uhasibu, masoko, usimamizi wa watu, uchumi. Rafiki yake waliyemaliza naye sekondari, aliyechagua biashara peke yake, mwaka huo huo anavaa joho. Yeye akiondoka anaondoka na karatasi ya alama tu. Akibaki, anabaki miaka miwili zaidi kwenye fani asiyoitaka, kwa sababu tu mlango umefungwa.

Katazo hilo lina watetezi, na hawasemi ovyo. Wanasema ukiruhusu mtu achukue shahada ya biashara mwaka wa tatu, vyuo vitayarundika masomo yote ya biashara mbele na ya sheria nyuma, na kitakachopatikana ni shahada mbili zilizogundishwa. Hoja hiyo ingenishawishi kabisa kama mchanganyiko wa kweli ungekuwa ndio unaofundishwa leo. Lakini kwa kawaida masomo ya biashara tayari yamerundikwa mbele! Mwanafunzi anayabeba madhara ya mlango uliofungwa bila kupata kile ambacho mlango ulifungwa kwa ajili yake. Afrika Kusini wana njia nyingine: shahada ya kwanza ya biashara yenye masomo ya sheria kwa miaka mitatu, kisha shahada ya sheria kwa miwili. Jumla ni mitano ile ile, na mwaka wa tatu una cheti kinachosimama chenyewe.

Upungufu wa pili unatokana na hesabu ya saa. Kanuni zile zile za 2008 zinaorodhesha masomo 20 ya lazima ya sheria na mengine manne ya vitendo, kuanzia uandishi wa hati hadi mahakama ya kuigiza. Hakuna hata moja linalopunguzwa kwa sababu mwanafunzi anasoma na biashara, na ni sawa lisipunguzwe, maana mteja atakayesimama kizimbani hatajali wakili wake alisoma nini pembeni. Huko Australia nako ni hivyo hivyo: maeneo 11 ya sheria ambayo kila anayetaka kukubaliwa kuwa wakili lazima awe ameyasoma hayaguswi, shahada ya biashara ikae kando yake au isikae. Upande wa sheria ukishakuwa haupungui, kinachobanwa ni biashara. Ndipo unapokuta uhasibu unaishia kwenye misingi ya muhula mmoja au miwili, na hesabu za fedha za kampuni nzima hazisomwi hata mara moja. Wakosoaji wanaongeza, na hapa wana haki, kwamba miongoni mwa yale masomo 20 tayari mna sheria ya kampuni, sheria ya kazi na misingi ya kodi. Aliyesoma sheria peke yake hajaachwa gizani. Kama kilichoongezwa ni utangulizi wa masoko na utangulizi wa menejimenti, basi mwanafunzi ameongezewa msamiati, na msamiati mtu mwerevu anaupata kazini ndani ya mwaka.

Nitaonyesha kwa kesi moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya kampuni hukutana nayo: Salomon dhidi ya Salomon, iliyoamuliwa na Baraza la Mabwana la Bunge la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko, Novemba 1896 na kuchapishwa katika ripoti za 1897. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, aliiuzia kampuni aliyoiunda mwenyewe biashara yake kwa karibu pauni 39,000. Hisa zilizotolewa zilikuwa 20,007. Yeye alikuwa nazo 20,001, na sita zilizobaki walipewa mke, binti na wana wanne, kila mmoja moja. Sehemu ya bei alilipwa kwa hati za deni zenye dhamana za pauni 10,000, hivyo akawa mdai wa kampuni yake mwenyewe, tena mdai wa mstari wa mbele. Biashara ilipoanguka, wadai wasio na dhamana waliambulia patupu, na mahakama ikasema ni sawa: kampuni ni mtu mwingine kisheria.

Darasa la sheria huishia hapo: kampuni ina nafsi yake. Darasa la uhasibu, pengine wiki hiyo hiyo katika jengo la jirani, linafundisha kwamba mali ya mwenye biashara na mali ya biashara hazichanganywi vitabuni. Ni wazo lile lile, na hakuna anayewaambia. Kinachoniuma zaidi ni swali linalobaki bila mwenyewe. Ile bei ya pauni 39,000, mmoja wa majaji alikiri kwamba ilibeba matumaini ya mwenye mali anayeipenda mali yake kuliko makadirio ya mfanyabiashara. Kwenye mizania ya kampuni, ziada hiyo ingekaa wapi? Mdai aliyekuja kukopesha angeiona kwa kusoma mistari ipi? Mwanafunzi akiweza kujibu hayo ameelewa kwa nini wadai wa leo hudai dhamana binafsi ya mwenye kampuni, na kwa nini sheria za kampuni za nchi nyingi zinawalazimisha wakurugenzi kuweka hesabu wazi. Somo moja lenye urefu wa saa tatu, walimu wawili mbele ya darasa moja, lingefanya kazi ambayo mihula miwili iliyotenganishwa haiifanyi.

Kuna jambo jingine, na linahusu dhamiri. Biashara inamfundisha mtu kufanikisha dili. Uwakili unamfundisha kuwa huru hata mbele ya anayemlipa. Baraza la Mawakili la India linakataza wakili anayeendelea na uwakili kuwa mwajiriwa wa kudumu wa mshahara. Ukiajiriwa na kampuni, unaweka leseni pembeni. Ulaya nao waliligusa jambo hili katika kesi ya kampuni ya kemikali ya Akzo Nobel. Mwaka 2003 wachunguzi wa Tume ya Ulaya waliingia katika ofisi za kampuni hiyo na kampuni yake tanzu nchini Uingereza, wakachukua nyaraka zikiwemo barua pepe kati ya meneja mkuu na mwanasheria wa ndani aliyekuwa amesajiliwa kama wakili Uholanzi. Kampuni ikadai ni mawasiliano ya siri kati ya wakili na mteja. Septemba 14, 2010, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakataa: katika uchunguzi wa ushindani wa kibiashara, mwanasheria mwajiriwa anategemea mshahara wa mteja wake, kwa hiyo hana uhuru sawa na wa wakili wa nje.

Wapo wanaotumia hukumu kama hizi kusema shahada ya pamoja inatengeneza wanasheria waliokwisha kuwa upande wa kampuni kabla hata ya kuhitimu. Mimi naona kinyume chake. Meneja anayeambiwa "sheria hairuhusu" na mtu asiyeelewa gharama ya kusitisha mradi, humsikiliza kwa sikio moja. Akiambiwa na mtu anayeweza kumwekea mezani faini inayowezekana, mkopo utakaodaiwa papo hapo na mauzo yatakayopotea, husikiliza kwa yote mawili. Ujuzi wa biashara unaipa ile "hapana" uzito. Ila kijana aelezwe mapema kwamba njia hizi zinaachana. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya India ilirudisha sharti la miaka mitatu ya uwakili kwa anayetaka kuingia ngazi ya chini ya ujaji. Anayekwenda moja kwa moja kuajiriwa na kampuni haanzi kuihesabu miaka hiyo. Kama ndoto yake ni kukaa kwenye kiti cha jaji, aijue hesabu hiyo akiwa mwaka wa kwanza, asije akaigundua akiwa na miaka thelathini.

Marekani hukwepa sehemu kubwa ya mjadala huu kwa kuchelewa: sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na anayetaka vyote viwili huunganisha shahada ya juu ya sheria na ya biashara, kwa kawaida ndani ya miaka minne badala ya mitano. Anakuwa amekomaa. Anakuwa pia, mara nyingi, amejifunga kwa madeni makubwa ya masomo, na njia hiyo haiwafai wengi.

Mimi niko upande wa shahada ya pamoja, kwa masharti mawili: mwaka wa tatu uwe na mlango wa kutokea kwa heshima, na angalau somo moja kila mwaka lifundishwe na kutahiniwa na pande zote mbili kwa pamoja. La kwanza haliko mikononi mwa mzazi wala mwanafunzi. La pili wanaweza kulichunguza kabla ya kulipa ada. Waombe mtihani wa mwisho wa mwaka wa nne au wa tano, wa sheria ya ufilisi au ya muungano wa kampuni, kisha watafute kama kuna swali hata moja lenye mizania ndani yake, linalomtaka mtahiniwa aikokotoe kwanza ndipo aandike kifungu.