Apdeti ya komenti ilivyotufikisha kwa mwenyekiti wa mtaa

Kwanza muelewe shangazi yangu hasomi majina ya watu wa mtandaoni. Kusoma anajua, tena Kurani anasoma bila miwani, ila haya majina yalimshinda siku ya kwanza tu, alikutana na mtu anaitwa herufi tatu, vistari viwili vya chini na msururu wa namba, akaniuliza "huyu wazazi wake walimfanyia akika kweli?" Toka hapo akaachana na majina, watu wake akawa anawajua kwa rangi.

Maana kwenye ule mtandao (jina silitaji, kesi moja imetosha) kila mtu jina lake lilikuwa linatokea kwenye komenti na rangi yake, usipochagua mwenyewe programu inakupa yoyote. Na shangazi laivu yake ya mapishi anaifanyia uani kwake hapa Ngamiani, baada ya isha, mimi kazi yangu kushika simu na kufuta matusi. Wanaingia watu wa Tanga wenyewe, wa Mombasa, wa Unguja, na kundi kubwa la dada zetu wa Muscat ambao wakisikia tui linachemka wanalia kabisa. Basi shangazi anaanza: "Zambarau wangu wa Muscat, hujambo mwanangu? Kijani wa Makorora, mtoto kapona? Wewe Bluu, hela yangu ya viungo vipi?" Na wenyewe walizoea, Zambarau alijishonea mpaka dera la rangi hiyo akapiga picha akatuma.

Sasa usiku mmoja simu ikajiapdeti yenyewe. Mimi sikujua mpaka tumeshawasha laivu, jiko limeshawaka, nazi imeshakunwa. Naangalia komenti, aisee, wote kijivu. Majina yamekuwa kijivu, madogo, yamebanwa pembeni. Zamani komenti mpya ilikuwa inaingia chini inasukuma za zamani juu, sasa mpya inatokea juu inasukuma za zamani chini. Na kile kimstari kilichokuwa kinaonyesha nani anamjibu nani nacho wamekitoa. Juu wakaweka tangazo dogo eti wametuletea muonekano safi. Safi kwa nani sasa? Labda kwa mtu mwenye watazamaji watano, huyo anawajua wote hata ukiwavalisha magunia.

Shangazi akainama kwenye skrini, akanyanyuka. "Baba, watu wangu wako wapi?"

"Ni hao hao shangazi, wamebadilisha muonekano tu."

"Wote wamevaa kanzu moja, nitamjuaje mdaiwa wangu?"

Na kweli Bluu usiku ule alikuwa huru kabisa, akawa anaandika kwa raha zake vichekesho vingi, hakuna wa kumdai.

Huko kwenye komenti kwenyewe mapishi yalisimama. Ikawa ni rudisheni rangi, rudisheni rangi, mwingine anaandika kwa herufi kubwa tupu, Zambarau wa Muscat anasema yeye sasa ni nani, hilo dera atalivaa wapi. Binamu yangu, huyu anashinda kwenye magemu, akajifanya mtaalamu, akavuta kigoda akaanza kutupa historia. Eti hizi komenti za kwenye laivu nyingi zina ukoo na kitu kinaitwa IRC, mfumo wa zamani wa kuchati kwenye kompyuta, alikitengeneza jamaa wa Finland, Jarkko Oikarinen, mwaka 1988, na mpaka Twitch, ule mtandao wa laivu za magemu, walijenga komenti zao juu ya mfumo huo. Shangazi kwenye hayo yote alisikia 1988 tu. "Mwaka ule Coastal Union yetu ya mpira ilichukua ubingwa," akasema, akatulia kidogo pale kwenye jiko, na kusema kweli kwa mtu wa Tanga hiyo ndo historia, mengine ni maelezo.

Binamu hakukata tamaa. Akasema watu kukasirikia muonekano mpya si kitu kipya, mwaka 2018 Snapchat waligeuza programu yao watu zaidi ya milioni moja wakasaini ombi la kutaka irudi ya zamani. Shangazi akauliza ikarudi? Binamu akasema ikarudi kidogo, vitu fulani fulani. Akaona anakosa soko akatoa ile kubwa, kwamba mwaka 2014 kwenye Twitch maelfu ya watu walicheza gemu moja ya Pokemon wote kwa pamoja, kwa kuandika komenti tu, huyu anaandika juu, huyu anaandika kushoto, na wakaimaliza kwa siku kumi na sita.

"Siku kumi na sita," shangazi akasema. "Na majumbani kwao nani alikuwa anapika?"

Sasa hapa ndo palipoharibika. Kwa kuwa rangi hakuna, shangazi akabuni njia yake. Akawa anasoma swali, halafu anajibu kwa kusema "wewe wa juu kabisa" au "wewe wa pili". Mimi nikamwambia shangazi huyo wa juu hakai juu, akiingia mwingine anashuka, tena laivu inachelewa, sauti yako inamfikia mtu baada ya sekunde kadhaa, sasa wa juu wako wewe si wa juu wao. Akanijibu nisimfundishe juu na chini, yeye kapanda minazi mimi sijazaliwa.

Likaingia swali: "Shangazi nimepata pweza mkubwa Deep Sea, wa juzi alikuwa mgumu hataki kulainika, huyu nimfanyeje?"

Na punde tu nyuma yake, mimi nafuta tangazo la mganga sikuliona vizuri, likaingia lingine: "Shangazi mwenzangu anarudi usiku wa manane, amekuwa mgumu hata kuongea na mimi hataki, nimfanyeje?"

Shangazi alikuwa ameshalisoma la pweza. Akajifuta mikono, akasogea kwenye kamera na ile sauti yake ya somo anayewafunda wari.

"Wewe wa juu kabisa, nisikilize. Kosa lenu nyie wa siku hizi mnamuonea huruma. Huyo kwanza mpige. Chukua mchi, mpige hasa, kuanzia kichwani mpaka miguuni, mpaka umuone mwenyewe amelegea. Akishalegea mkamate kichwa ukigeuze, utoe uchafu wote uliomo. Mwoshe na chumvi utelezi utoke. Halafu mfunike, moto mdogo, maji usimpe, atatoa yake mwenyewe. Na akisinyaa usishtuke, wote ndivyo wanavyokuwa."

Komenti zikakatika ghafla, hata wale wa rudisheni rangi wakanyamaza. Mimi nikadhani bando limeisha.

Shangazi naye akaendelea, akaliona la pili. "Na wewe unayefuatia hapo, wa pili, pole mwanangu. Huyo usimpige kelele. Mfukize udi. Mtandikie vizuri, pasafi, umtilie na asumini kidogo. Halafu kaa naye karibu usiku kucha, polepole, umsemeshe kwa upole. Mpaka alfajiri atakuwa amelainika mwenyewe."

Baada ya hapo komenti zilirudi kwa mpigo. Wa Muscat wanauliza mchi wa mti au wa chuma. Mmoja kaandika "mie wangu alishasinyaa zamani bila kupigwa." Mwanaume mmoja akaandika kwamba anatoka kwenye laivu na anamtoa na mke wake. Na katikati ya hayo yote kuna mtu anauliza kwa adabu kabisa, "shangazi samahani, udi unatiwa kabla ya tui au baada?" Shangazi akaona ni utani wa watoto, akapuuza, akapakua wali, tukazima.

Asubuhi nipo mlangoni napiga mswaki anakuja kijana katumwa na mwenyekiti wa mtaa, shangazi anaitwa, kuna mlalamikaji. Shangazi akavaa baibui lake, mimi nikabeba simu na chaja, maana ushahidi wote umo humo.

Kufika tukamkuta jamaa mmoja wa makamo kakaa kwenye benchi, ndala mguu mmoja, na baiskeli yake kaiegemeza ukutani. Mwenyekiti akaamkiwa, tukaamkiana, jamaa akaambiwa eleza. Akaeleza. Yeye ndo yule anayerudi usiku wa manane. Sasa kwa bahati yake mbaya jana kaamua kurudi mapema, kakaa anakunywa chai ya tangawizi, mke wake kaweka simu sauti ya juu anasikiliza mapishi. Ghafla anasikia mama mtu mzima anaheshimika Tanga nzima anasema mpige kwa mchi kuanzia kichwani. Akageuka kumtazama mke wake. Mke wake kimya, kakodoa kwenye simu. Lilipofika neno la kugeuza kichwa, mke akanyanyuka akaelekea jikoni. (Mke anaapa alikuwa anaenda kuzima jiko, na mimi namuamini.) Jamaa hakusubiri kujua, akarukia baiskeli na ndala moja, usiku kalala kwa kaka yake Chumbageni.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "hilo la kusinyaa ndo limeniuma zaidi."

Shangazi alikuwa keshashika mdomo kwa kanga. Akasema wallahi yeye alikuwa anamzungumzia pweza. Mwenyekiti akataka kuona kwa macho yake, nikafungua rekodi nikampa simu. Akavaa miwani. Akatazama muda mrefu, akauliza kwa sauti ya ofisi: "Hapa wa juu kabisa ameandika anatoa mikopo bila dhamana. Huyu ndiye aliyeambiwa apige?"

Nikamwelekeza ashuke chini. Akashuka, mpya zikawa juu, za zamani chini, akapotea, akarudi, akakuta wote kijivu, akauliza mke wa huyu bwana ni yupi. Mke akasema ni mimi hapa, mwenyekiti akasema hapana nauliza humu ndani. Hata mke mwenyewe alitafuta komenti yake akaikosa. Mwenyekiti akavua miwani akasema huyu aliyepanga hivi aletwe yeye ndo tumuulize.

Tungekaa pale mpaka adhuhuri kama asingeingia mdada mmoja na bakuli kalifunika kwa kitambaa. Alienda kumtafuta shangazi nyumbani kaambiwa yupo huku. Akasalimia wote, akafunua, ofisi nzima ikajaa harufu ya udi.

"Shangazi nimefanya kama ulivyosema," akasema. "Nimemfukiza. Kumtandikia nimemtandikia jani la mgomba, shuka niliona nyingi. Asumini nilitia punje mbili tu. Nikakaa naye moto mdogo mpaka adhana ya alfajiri. Ila kumsemesha sikumsemesha, nilimuonea aibu mume wangu, angenionaje naongea na pweza."

Hakuna aliyeweza kujibu. Mwenyekiti alitoka nje akajifanya anapokea simu, tunamuona mabega yanatikisika. Jamaa wa baiskeli ndo alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, si hajala toka jana, akatwaa kipande, akatafuna, akatwaa kingine.

"Mlaini," akasema. "Ila ananuka kama bi harusi."

Kesi ikaishia hapo. Mke wake akambeba nyuma ya baiskeli, yani mke ndo anaendesha, mume kakaa kwenye kerea na ndala yake moja. Mwenyekiti akabaki na bakuli, kasema ni kidhibiti.

Shangazi hakuridhika. Aliporudi alinikalisha niwaandikie wenye mtandao malalamiko, akanisomea kurasa nzima, salamu tu zilikuwa nusu. Jibu likaja hapo hapo kwa Kiingereza, la mashine, linashukuru kwa maoni na linaomba apime huduma kwa nyota. Akauliza hizo nyota anapewa yeye au anawapa wao. Nikamwambia anawapa wao. Akaingia ndani.

Kelele za watu ziliendelea, na baadaye rangi wakazirudisha, ila mpaka uzitafute mwenyewe kwenye mipangilio, ndani kabisa, na ukizikuta zimechanganywa upya. Zambarau wa Muscat kapewa njano. Bluu kapewa zambarau, akasalimiwa vizuri na kuulizwa hali ya Muscat, naye akajibu kwamba joto kali, na yuko hapa hapa Mikanjuni. Shangazi akaamua basi, hataki tena kitu cha programu. Siku hizi kila mtu kabla ya swali anaandika mwenyewe yeye ni nani, ZAMBARAU, nukta mbili, ndo swali lifuate, na asiyeandika hajibiwi. Bluu anajiita KIJIVU, tunamjua.

Alhamisi iliyopita tumewasha tu, hata makaa hayajashika, komenti ya kwanza ikaingia:

"PWEZA: Shangazi shikamoo. Leo mnafundisha nini, nibaki ndani au nitoe baiskeli?"