Nakala Tisa

Nasikia habari imeshafika mpaka Kigamboni kwamba Katibu wa kamati ya harusi amewatukana wazee kwa printa. Aliyeisambaza ni Mweka Hazina, ambaye hadi Jumapili mchana nilikuwa namwita rafiki yangu. Kwenye hadithi yake zimetoka karatasi 200 na mimi nimejifungia chooni nalia. Uongo mtupu. Zilitoka karatasi 11, na chooni nilikwenda kunawa uso. Dakika 20, ndiyo. Uso wangu ni mpana, mnaonifahamu mnajua.

Printa yenyewe mnaikumbuka, niliwahi kuiringia hapahapa. Ni ya leza, nyeusi-nyeupe, nzito kama jiwe la kusagia, niliyoiokota kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi kwa shilingi 40,000. Haina Wi-Fi, haina kioo, ina taa mbili tu. Mke wangu akauliza hilo dude la nini. Nikamwambia subiri uone mumeo ni nani. Nikachukua Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha ukubwa wa kiganja, nikaibandika nyuma ya televisheni kwa selotepu, nikaweka CUPS, programu ya kupokea na kupanga kazi za kuchapisha, nikachomeka printa kwa waya wa USB. Nyumba ya vyumba viwili, Tabata, ikawa na seva ya uchapishaji. Mtu yuko jikoni anakaanga vitunguu, anachapisha kwa simu. Nikatembea kifua mbele wiki mbili nzima.

Sasa, baadhi ya zile printa za zamani za bei rahisi zina ugonjwa mmoja. Hazina kumbukumbu ya kudumu ya kuhifadhi fimwea yake, yaani programu ya ndani inayoziendesha. Kila ukiiwasha inaamka kama mtoto aliyezaliwa leo, haijui hata karatasi ni nini, mpaka kompyuta iimiminie fimwea upya. Kwenye kompyuta za kawaida draiva ndiyo inayoifanya kazi hiyo kimyakimya, kwa hiyo wenye nazo wengi hawajui kabisa. Mimi siku ya kwanza nilimimina kwa mkono, ikakubali, nikasahau kwamba nilifanya hivyo. Na kwa kuwa haikuzimwa, mambo yakaenda vizuri. Mpaka usiku ule units za umeme wa LUKU zilipoisha saa nane. Aliyekuwa amesema "tutanunua kesho" ni mimi huyuhuyu.

Kuanzia Jumatatu printa ikawa bubu. Unatuma kazi, simu inakujibu imetumwa, printa inakutazama tu na vitaa vyake. Na hapa ndipo nilipojichimbia kaburi, kwa sababu seva yenyewe haikuwa na tatizo lolote. Ilikuwa inapokea kila kazi kwa adabu, kama karani wa masjala: haya, weka hapo, utaitwa. Mimi nikaamini kazi isiyotoka imekufa. Nikatuma tena. Jumanne nikatuma kwa kompyuta. Jumatano kwa simu, mara mbili, ya pili kwa hasira. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha draiva tatu. Nikaizima Pi na kuiwasha mara nne, nikijua nafagia foleni. Foleni ya CUPS haifagiliki hivyo, wandugu. Imeandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Umeme ukirudi, inaikuta kazi palepale ilipoiacha.

Na nilikuwa natuma nini wiki nzima? Orodha ya michango.

Ni harusi ya mdogo wangu, mwisho wa mwezi huu. Katibu ndiye anayetunza orodha: jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Sasa mimi, kwa matumizi yangu binafsi, nilikuwa nimeongeza safu ya tano. Safu ya "Maoni". Ili nikimpigia mtu simu ya kumkumbusha, nijue naongea na mtu wa namna gani. Ni mbinu ya kikazi. Msinitazame hivyo.

Hiyo ndiyo niliyoituma, mara tisa. Nilitaka kuipitia kitandani na kalamu nyekundu. Jumamosi usiku nikatengeneza nakala safi ya kikao, isiyo na maoni, nikaituma mara moja tu. Kimya vilevile.

Jumapili, saa kumi alasiri. Wajumbe 11 sebuleni kwangu, wengine kwenye makochi, wengine kwenye viti vya plastiki vya jirani. Mjomba amekaa kando ya televisheni, kanzu nyeupe inameta. Mweka Hazina akaninong'oneza: "Katibu, nenda pale steshenari kona, karatasi shilingi mia mbili mia mbili, tumalize." Rafiki mwema angeishia hapo, na mtu mwenye akili angemsikiliza. Mimi nikacheka kwa sauti ili wote wasikie. Nikasema, "Steshenari? Ndugu, hii nyumba ina seva."

Asubuhi ile, mnisikilize, nilikuwa nimegundua. Nilikuwa nimekumbuka ile fimwea! Nikaitafuta faili, nikaiweka mahali pake, na kwa kuwa mimi ni fundi mwenye kuona mbali, nikaandika na kanuni fupi kwenye Pi: printa ikiwashwa tu, imiminiwe fimwea papo hapo, bila kumuuliza mtu. Naomba hiyo kanuni muikumbuke. Ndiyo iliyonimaliza.

Nikasimama mbele ya kamati, simu mkononi. Nikawasha printa. Ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena, zile rola ndani zikazunguka krrrrk kama mzee anayejinyoosha. Wajumbe wakapiga makofi. Shangazi akapiga kigelegele kifupi. Nikafungua ukurasa wa CUPS kwenye simu, nikaona foleni imesimamishwa, nikabonyeza iendelee. Pale juu paliandikwa idadi ya kazi zinazosubiri. Sikusoma. Mtu akipigiwa kigelegele hasomi.

Karatasi ya kwanza ikatoka.

Printa ile hutoa karatasi kifudifudi, maandishi chini. Kwa hiyo mimi nilichokiona ni weupe mtupu, safi, wa kupendeza. Ikafuata ya pili. Binti yangu wa darasa la nne, ambaye huko shuleni ni kiranja, akaziokota bila kutumwa, akaanza kugawa kwa mikono miwili huku anapiga goti, Mwenyekiti kwanza, Shangazi wa pili. Nikajisemea, huyu mtoto kalelewa. Ya tatu. Ya nne.

Karatasi ya tano inatoka ndipo nikajiuliza. Mbona nakala safi niliituma mara moja?

Nikamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa ameacha kutafuna. Tonge liko shavu la kushoto, halipandi halishuki. Kidole chake kiko kwenye karatasi, kinatembea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kikafika ukingoni, safu ya tano, kikasimama. Kwenye mstari wake nilikuwa nimeandika: "Katoa 50,000. Anaongea kama katoa milioni."

Ninyi mnaocheka huko, ngojeni kwanza.

Shangazi yeye husoma kwa sauti, ni mazoea ya kusomea watu Biblia. Akaanza kwa sauti ileile ya kanisani: "Shangazi. Ahadi, laki moja. Katoa, elfu ishirini. Maoni..." Akasimama. Akaweka karatasi karibu na uso. "Maoni: kashakula vikao vitatu, tumemlisha kuliko alichotoa." Kisha akatazama sahani ya pilau iliyokuwa mapajani kwake. Akaiweka chini, polepole, kama mtu anayeweka ushahidi.

Nikakimbilia simu. Amri ya kufuta foleni nzima ni maneno mawili tu, cancel -a, naijua kama jina langu, lakini ilikuwa kwenye kompyuta na kompyuta iko chumbani. Kwenye simu nikabonyeza kufuta, ukurasa ukaniomba jina na nywila. Vidole vinatetemeka. Nywila si sahihi. Nikaandika tena. Si sahihi. Nyuma yangu nasikia karatasi ya sita inaanza kuvutwa.

Nikarukia ekstensheni. Swichi nne, rangi moja, na fundi mwenyewe sikuwahi kuandika ipi ni ya nini. Nikazima ya kwanza: feni ikasimama. Nikazima ya pili: televisheni. Nikazima ya tatu: printa ikakata pumzi, karatasi ya sita ikabaki imening'inia nusu nje, kama ulimi.

Kimya. Unasikia pilau linapoa.

Na pengine yangeishia pale. Binti alikuwa amemaliza karatasi tano, Mjomba hakupata, na hata angepata, miwani aliisahau nyumbani. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema kuna virusi vimeingia kwenye kompyuta. Virusi vinavyojua Kiswahili, nilikuwa na maelezo yake.

Mjomba, Mungu amweke, ni mtu wa kusaidia. Akainama. Akasema, "Mwanangu, umeizima kwa bahati mbaya." Akaiwasha.

Printa ikaamka haijui kitu. Ningeiacha kama ilivyokuwa wiki nzima, ingebaki bubu mpaka leo. Lakini kulikuwa na kanuni. Kanuni yangu. Pi ikaona printa imewashwa, ikaimiminia fimwea, ikakoroma, krrrrk, ikaitema ile karatasi iliyokwama. Mjomba akaidaka. Wino wa leza ni unga, na kama karatasi haijapita kwenye joto la kuukaanga unga haushiki. Kwa hiyo ukamshika Mjomba. Vidole, kiganja, kisha kanzu, kwa sababu alijifuta. Michirizi mitano myeusi kifuani, kama mtu aliyeparuliwa na chui.

Kazi ya sita ilikuwa haijakamilika, kwa hiyo seva ikaianza upya. Ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa. Mwanangu anapiga goti, anagawa. Waliokosa wakasogea kusoma za wenzao.

Mjomba akaazima miwani ya Shangazi. Akaivaa. Akaisogeza mbele ya pua, akaishusha. Akatafuta jina lake akaanzia chini, watu wazima hawana haraka. Akalipata mstari wa pili. "Ahadi, laki tatu. Katoa, sifuri." Hapo akatikisa kichwa kukubali, kweli. Kisha: "Maoni: ahadi za mdomo. Tangu harusi ya 2016 tunasubiri."

Akakunja karatasi mara mbili. Akaikunjua. Nikaona anasoma tena, anashuka, mstari kwa mstari, mpaka wa mwisho, wa 12. Mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba katika orodha ile na mimi nimo.

"Katibu," akasema. Hakusema mwanangu tena. "Ahadi, laki nne. Katoa..." Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, ikawa nyeusi, akaivaa hivyohivyo. "Katoa, sifuri. Maoni: mtu wa karibu, avumiliwe."

Jamani.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. Lile tonge likaruka. Halafu Shangazi, halafu Baba Mdogo, ambaye maoni yake yalikuwa "asipewe maiki" na alikuwa anacheka mpaka anapiga kochi ngumi. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akapewa karatasi, akarudi jikoni na mabega yanatikisika. Mweka Hazina alikuwa kimya kuliko wote. Alikuwa anapiga picha.

Na katikati ya makelele yale, printa ikakoroma mara ya mwisho, ikatoa nakala safi. Ikalala pale peke yake. Hakuna aliyeigusa.

Mengine ni mafupi. Nilitoka kunawa uso. Nilirudi. Nilituma 400,000 kwa simu mbele ya kamati, Mweka Hazina akasoma ujumbe wa muamala kwa sauti, nikapigiwa makofi kuliko yale ya printa. Shangazi akamalizia ahadi yake palepale na kumalizia na pilau. Kanzu imeenda kwa dobi, bili ni yangu. Ekstensheni sasa ina majina. Nywila imeandikwa kwenye karatasi ukutani, usalama baadaye.

Jana usiku Mjomba akapiga simu. Kumbe ameshatuma laki tatu zote, jumlisha na za 2016. Tukasalimiana weee, mpaka mashamba. Kisha akakohoa.

"Katibu, ile safu ya tano bado ipo?"

"Ipo, Mjomba, lakini..."

"Kwangu sasa umeandika nini?"

"Nimeandika 'kalipa'."

Akanyamaza kidogo.

"Ongeza 'kwa moyo mkunjufu'," akasema. "Halafu uchapishe. Tisa."