Laiti Wangenikataa

Kila anayeandika riwaya ana ndugu au rafiki mwema ambaye, angalau mara moja kwa mwaka, humtumia kisa cha Kathryn Stockett. Yule mwandishi wa Marekani aliyekataliwa na mawakala 60, wa 61 akamkubali, na riwaya yake, The Help, ikauzwa dunia nzima. Mimi nimeshatumiwa mara tatu. Mara ya mwisho alikuwa shemeji yangu, kwenye WhatsApp, na picha ya mtu anapanda mlima jua likichomoza. Chini ameandika: "Usikate tamaa kaka, mvumilivu hula mbivu."

Nilimshukuru, maana ana nia njema. Ila kisa kile hakinipi moyo hata kidogo. Kinanitia wivu. Watu 60 walimjibu!

Nieleze kidogo kwa wasioijua biashara hii. London na New York, wachapishaji wakubwa kwa kawaida hawapokei mswada kutoka mkononi mwa mwandishi. Lazima upite kwa wakala. Unamwandikia barua ya ukurasa mmoja, unaambatanisha muhtasari na kurasa za mwanzo (Uingereza wengi huomba sura tatu), kisha unakaa kusubiri. Akikupenda anaomba mswada mzima. Akiupenda mswada, yeye ndiye anayeupeleka kwa wahariri, anapatana bei, anausoma mkataba kwa jicho kali, na kwa kazi hiyo anachukua kama asilimia 15 ya mapato yako, au 20 kwa mauzo ya nje. Kitabu kisipouzwa hapati kitu. Hapo ndipo anapotofautiana na madalali wetu, ambao watakudai hela ya kuonyeshwa chumba kabla hujauona hata mlango. Wakala anayekudai ada ya kusoma mswada wako ni tapeli, mkimbie.

Sasa turudi kwa Stockett, maana toleo la kisa chake linalosambazwa na akina shemeji limekatwa nusu. Limebaki na namba tu: 60, halafu 61. Utadhani alichapa nakala 61 za kitu kile kile akazirusha hewani kama njugu. Mwenyewe alikwisha kusimulia ilivyokuwa. Barua ya kwanza ya kumkataa ilipofika alifurahi, kwa kuwa sasa alikuwa mwandishi kweli, na waandishi hukataliwa. Akarudi mezani kuifanyia kazi riwaya. Barua nyingine, akarudi tena. Zilipofika kama 40, aliona haya hata kuwaambia marafiki kwamba bado anahangaika na kitabu kile kile, akawa anawadanganya kuhusu anakokwenda mwishoni mwa wiki. Alikuwa anajifungia hotelini kuhariri. Wodini akisubiri kujifungua, alikuwa na mswada mkononi mpaka nesi akamgombeza. Miaka mitatu na nusu ya kukataliwa ilipita hivyo. Wakala aliyemkubali, Susan Ramer, aliiuza riwaya hiyo kwa muda wa wiki tatu. Ilitoka mwaka 2009, filamu ikafuata 2011.

(Kama kitabu chenyewe kilistahili sifa zote zile ni mjadala mwingine. Wapo wanahistoria wanawake weusi wa Marekani waliotoa tamko kupinga namna kilivyowachora watumishi weusi wa ndani, na mimi naona walikuwa na hoja. Leo siko huko.)

Ninachotaka tukione ni kwamba mswada aliousoma wakala wa 61 haukuwa ule aliousoma wa kwanza. Kila barua, hata ile ya dharau, ilimrudisha kwenye kurasa zake. Kukataliwa kulikuwa sehemu ya kazi, kama mpishi anayeonja mchuzi akakuta chumvi haijakolea. Bila kuonja utaongeza nini?

Mwingine anayetajwa sana ni Marlon James wa Jamaika. Riwaya yake ya kwanza ilikataliwa mara 78. Watu husema, "Ona alivyovumilia, mwaka 2015 akachukua Tuzo ya Booker, ile kubwa ya riwaya kule Uingereza!" Hapana. Hakuvumilia. Alikata tamaa kabisa, akaifuta riwaya kwenye kompyuta yake, na hata kwenye kompyuta za marafiki. Baadaye, mwalimu mmoja wa warsha ya uandishi alipotaka kuiona, ndipo akaenda kuichimbua kwenye barua pepe za zamani alizokuwa amezituma. Ikachapishwa mwaka 2005. Huyu naye tumweke kwenye hesabu ya wavumilivu? Mimi naona aliokolewa na uvivu wa kutosafisha barua pepe. Na je, ni wangapi walioandika vizuri kama yeye lakini wakafuta kila kitu kwa uangalifu? Hao shemeji hawezi kunitumia visa vyao, kwa sababu havipo. Methali inatuahidi mbivu, haitaji embe zinazoanguka usiku zikaliwa na popo.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha hapa jirani. Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda aliyehamia Manchester mwaka 2001 kusomea uandishi, alitumia miaka mingi kuandika Kintu, riwaya ya ukoo mmoja wa Buganda na laana yake. Uingereza wakamwambia ni ya Kiafrika mno. Fikiria mtu anaandika habari za Buganda, halafu kosa lake ni kwamba Waganda wamezidi! Angeweza kuchomekea mzungu mmoja katikati ili msomaji wa Uingereza apate pa kushika. Hakufanya hivyo. Aliuacha mlango ule akaupeleka mswada Nairobi, kwenye shindano la miswada la Kwani?, wachapishaji wa fasihi wa huko, akashinda mwaka 2013. Kitabu kikatoka Nairobi mwaka uliofuata. Wamarekani wakakichapisha 2017, na mwaka 2018 Waingereza nao wakakitoa. Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa Uingereza kilifika kwa wasomaji wa Uingereza kupitia Nairobi, safari ya zaidi ya miaka minne. Huko ndiko kung'ang'ana ninakokuelewa. Hakubishana na mlinzi wa geti aliyekwisha kusema hapana. Alikwenda kutafuta nyumba nyingine yenye ukumbi mkubwa zaidi.

Lakini Makumbi anaandika kwa Kiingereza. Sisi wa Kiswahili je?

Sijawahi kukutana na mwandishi wa Kiswahili aliyepata mchapishaji kupitia wakala. Asilimia 15 ya mrabaha wa riwaya zetu haitoshi hata nauli ya huyo wakala kwenda na kurudi posta. Kwa hiyo unajibebea mwenyewe. Unauchapa mswada, unautia kwenye bahasha ya kaki, unapanda daladala. Na huko unakokwenda, tusiwaonee, wanaishi kwa vitabu vya kiada. Riwaya ambayo haijaingia kwenye orodha ya shule ni kamari, na mhariri aliyekalia mswada wako huenda wiki hiyo hiyo anapambana na kitabu cha Hisabati cha darasa la nne ambacho ndicho kitakacholipa mshahara wake. Tuna tuzo, namshukuru Mungu: ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na hii ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Hizo ndizo zimekuwa mawakala wetu. Ila tuzo humtaja mshindi na wenzake wachache. Aliyeshika nafasi ya mwisho hataambiwa kwamba sura yake ya tatu ilikuwa ndefu.

Wangu niliupeleka mwaka 2019. Kurasa 214, nilizozitolea nakala kwenye steshenari moja pale Mwenge mpaka mashine ikapata moto, kijana wa steshenari akaniuliza kama ni kesi ya ardhi. Ofisini nikampa dada wa mapokezi. Akauweka juu ya rundo, akaandika jina langu kwenye daftari. Mwezi uliofuata nikapita.

"Mhariri yuko semina, kaka."

Mwezi mwingine: "Yuko likizo." Kisha: "Bado unasomwa." Kisha ikaja corona, nikanyamaza. Niliporudi, dada alikuwa mwingine, na daftari lilikuwa jingine. "Tutakupigia."

Mwanzoni niliona ile "bado unasomwa" kama matumaini. Sasa naiona kama adabu yetu ile ile ya kutosema hapana usoni. Mgeni akiomba kitu usichotaka kumpa, unamwambia apite kesho. Ni adabu nzuri kwa mambo ya mchele na baiskeli. Kwa mswada ni mateso. Mtu aliyeambiwa hapana anaweza kukasirika, akalala, akaamka na kuanza kuhariri. Aliyeambiwa "pita kesho" hawezi kugusa hata mstari, maana anahofia kuvuruga kitu ambacho huenda tayari kimependwa. Mimi sikuigusa riwaya yangu kwa zaidi ya miaka mitatu. Namheshimu sana nesi wa Stockett, lakini mimi hata wa kunigombeza sikuwa naye.

Mwishowe walinipigia kweli. "Kaka, njoo uchukue bahasha yako, tunahama ofisi."

Nilikwenda nikaichukua, nikakaa kwenye benchi la kituo cha daladala nikaifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na duara la kikombe cha chai. Nikapekua mmoja mmoja. Safi, safi, safi. Ukurasa wa 37, pembeni, kwa penseli, mwandiko mdogo wa haraka: "Huyu anatoka wapi?" Mshale ulimwelekea mjomba mmoja niliyemwingiza sebuleni akiwa na samaki mkononi. Nikarudi ukurasa wa 36, wa 35, mpaka wa 20. Kweli, sikuwa nimemtaja popote. Kwenye ukurasa wa 38 hapakuwa na alama, wala kwenye zilizofuata hadi mwisho.

Daladala mbili zilipita nikiwa nimekaa pale. Kuna mtu alisoma kurasa 37 zangu, akamfikia yule mjomba, akauliza swali la haki, akauweka chini.

Mjomba nimemtoa, pamoja na samaki wake. Alipoondoka yeye, ikaonekana na wengine kadhaa hawana kazi pale ndani. Zimebaki kurasa 188. Jumatatu naipeleka kwa mchapishaji mwingine, na bahasha ni ile ile.