Zinki Iliyooza Haichomelewi

Huku Mtwara kitu cha chuma kikiharibika lawama huangukia bahari. Baiskeli, bawaba za mlango, mabati: tunasema chumvi imekula, na mara nyingi ni kweli. Ila kwenye gramafoni za zamani lawama hiyo inaponza. Fundi akidhani anatibu kutu hushika msasa na moto wa kuchomelea, kumbe alichokishika si chuma.

Tazama kichwa cha sauti, kile kisahani chenye sindano na utando unaotetemeka. Kwenye mashine nyingi za miaka ya 1920 na 1930, mgongo wake ulimiminwa kwa aloi ya zinki, kwa sababu ilikuwa rahisi na inajaza kalibu bila tabu. Zinki ya wakati ule mara nyingi ilichanganyika na madini ya risasi, na kiasi kidogo tu kinatosha kuleta balaa. Miaka ikipita, aloi huoza kuanzia kwenye mipaka ya chembechembe zake. Inavimba, inapinda, nyufa nyembamba kama nywele zinatokea, ngozi ya nikeli inabanduka. Mwishowe ukibonyeza ukingo kwa kidole unamegeka. Joto na unyevu wa pwani yetu huharakisha, sikatai, lakini ugonjwa ulitoka kiwandani. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilileta aloi za Zamak, zinazotumia zinki safi ya asilimia 99.99, ili kuuzuia.

Ndiyo maana napinga kuchomelea. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi. Moto unaounga fremu ya baiskeli umepita hapo mbali mno, na kipande kitadondoka matone matone kabla hakijaungana. Hata kikiungana, kandokando yake kumeshaoza. Gundi ya epoksi naikubali kwa kazi moja, kushikiza vipande ili vipimwe.

Na kupima ndiko kwenye kazi. Wengi wangependa kukandamiza kipande cha zamani kwenye mchanga na kumimina shaba humo. Kipande kilichovimba kinadanganya, na shaba nayo hunywea ikipoa. Usitegemee makosa hayo mawili yafutane. Pima visivyooza: unene wa mkono wa gramafoni, upana wa utando, skrubu zenyewe. Kisha mpelekee fundi wa kerezo akukereze mgongo mpya wa shaba ya njano. Anayekereza bushi za pikipiki na za mashine za kukoboa hashindwi na hili, na sioni sababu ya kuagiza ng'ambo. Mwambie tu apunguze unene, maana shaba ni nzito kuliko zinki, na kichwa kizito kinakwangua mifereji ya santuri.

Kukitoa cha zamani, usigonge. Ondoa utando kwanza, halafu zungushia kitambaa chenye maji ya moto. Zinki hutanuka kwa joto kuliko feleji, hivyo mara nyingi hulegea yenyewe.

Springi inayoendesha mashine ni habari nyingine. Hiyo ni feleji, na hapo bahari ina hatia kweli. Ifyatue yote kabla ya kufungua kopo lake, kwa sababu ikichomoka na nguvu zake inakata mkono. Ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe, itie grisi mpya. Ikiwa haijapasuka, iachwe.

Wapo wanaosema kipande kipya kinashusha thamani ya mashine. Labda kwa mnunuzi wa mnadani. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zake zilisikilizwa pwani hii kwa mashine za kuzungusha hendeli. Mimi nataka mashine iliyobaki kwenye nyumba ya Mikindani au Lindi icheze, kwa sindano mpya kila upande wa santuri. Mgongo uliooza usitupwe. Utiwe kwenye mfuko pamoja na karatasi ya vipimo, ukae ndani ya sanduku la mashine hiyohiyo, ili fundi wa baadaye ajue kipi ni cha kiwandani na kipi kimekerezwa hapa.