Eti "Si Fedha Taslimu"

Nimesoma ripoti ya robo mwaka ya kampuni moja ya franchaizi, yaani inayowapa wengine leseni ya kutumia jina na mfumo wake, ambayo nina vihisa vyangu vichache humo. Kufika kwenye jedwali la "faida iliyorekebishwa" nikacheka peke yangu. Malipo ya hisa kwa wafanyakazi, ambayo kurasa chache nyuma yalihesabiwa kuwa gharama, hapa yamerudishwa kwenye faida. Sababu? Eti si fedha taslimu.

Vita hii ni ya zamani. Kwa kanuni ya Marekani ya mwaka 1972, kampuni ilimpa bosi opsheni, yaani haki ya kununua hisa baadaye kwa bei ya siku anayopewa, kisha ikaandika gharama sifuri. Sifuri, kwa kitu ambacho watu wanahama kazi kukifuata! FASB, bodi inayotunga kanuni za uhasibu Marekani, ilipotaka kurekebisha, Seneti ya huko ikaipinga kwa kura 88 dhidi ya 9 mwaka 1994, na kanuni iliyotoka mwaka uliofuata ikaifanya thamani ya haki (makadirio ya bei ambayo opsheni ingeuzwa sokoni) kuwa hiari: asiyetaka aitaje kwenye maelezo ya chini, basi. Ilibidi Enron na WorldCom, kampuni kubwa za Marekani, zianguke kwanza kwa kashfa za hesabu. Mwaka 2004 ndipo kanuni mbili, IFRS 2 ya kimataifa na FAS 123R ya Marekani, zikafunga mjadala: pima thamani ya haki siku ya kutoa, kisha isambaze kama gharama katika kipindi ambacho mfanyakazi anapaswa kufanya kazi ili aipate opsheni hiyo.

Haya, kipimo chenyewe kina ubahatishaji, siwezi kukataa. Chukua opsheni ya miaka mitano kwenye hisa ya 100, riba asilimia 4, bila gawio. Ukikadiria bei itayumba kwa asilimia 30 kwa mwaka, fomula ya Black-Scholes, inayotumika kukadiria bei ya opsheni, inakupa kama 34. Shusha makadirio hayo hadi asilimia 20, unapata kama 27. Hisa ni ile ile, mtu ni yule yule. Na bei ikiporomoka baadaye, gharama haishuki, maana ilishapimwa. Inaudhi. Lakini uchakavu wa mashine nao ni makadirio, na hakuna anayedai mashine ni za bure.

Kinachonichoma ni kwamba hawa ni watu wa franchaizi. Kampuni ya franchaizi inamiliki nini hasa? McDonald's, kwa mfano, takriban asilimia 95 ya migahawa yake inaendeshwa na wenye leseni. Mafuta ya kukaangia, mishahara ya wahudumu, friji likiharibika usiku wa manane: yote juu ya mwenye leseni. Makao makuu yanapokea mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo, na kwa baadhi ya kampuni kodi ya pango pia. Sasa gharama ya makao makuu ni ipi? Ni watu! Wanasheria, watu wa masoko, watu wa mifumo, wakurugenzi. Ukiondoa sehemu ya malipo ya watu hao, umeigusa gharama yenyewe iliyoijenga biashara. Kiwanda cha chuma kikifanya hivyo ningenung'unika tu. Hapa ni kama mwenye basi anayepiga hesabu ya faida bila dereva.

Halafu hiyo fedha taslimu isiyotoka, hutoka. Hisa mpya zikigawiwa, kipande cha sisi wengine kinapungua, kwa hiyo kampuni inaingia sokoni kununua hisa zake kuziba pengo. Hapo hailipi kwa maneno matamu, inalipa pesa. Ila malipo hayo yanakaa kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, sehemu ya ugharamiaji, mbali kabisa na jedwali la "faida iliyorekebishwa", na kwenye hotuba yanaitwa "kuwarudishia wanahisa." Tumerudishiwa nini, ikiwa idadi ya hisa imebaki pale pale?

Mhudumu wa kaunta, kwa taarifa yako, kwa kawaida hagusi hisa hizi. Ameajiriwa na mwenye leseni. Na tuzo za mabosi zikifungwa kwenye mauzo, ambayo ndiyo yanayokatwa mrabaha, ofa za bei ya kutupwa zitawanufaisha wao huku faida ya mwenye leseni ikiyeyuka.

Nipeni faida yenye gharama zote ndani, na idadi ya hisa baada ya opsheni zote kutumika. Hadi hapo, kura yangu kuhusu malipo ya wakurugenzi kwenye mkutano mkuu ni hapana, hata kama vihisa vyangu havitikisi kitu.